Herufi Nyeupe Upande wa Nje

Alhamisi, tarehe 13 Februari, saa saba na dakika kumi mchana, Koplo Chesang aliingia katika duka la matairi la Gathoni mtaani Matisi, Kitale, akakuta sahani mbili za githeri zimefunikwa mezani. Aliuliza ile ya pili ni ya nani. Gathoni akamjibu kuwa ni ya dereva mmoja ambaye hula hapo kila Alhamisi, na leo amechelewa.

"Anaitwa nani?"

"Abdikarim."

Chesang alivua kofia yake. "Mama, huyo hatakuja," alisema. "Alizikwa jana jioni."

Gathoni hakulia. Alifunika sahani vizuri, akavuta kiti, akataka kuambiwa yote tangu mwanzo na kwa saa zake.

Koplo alimweleza. Jumatano saa moja na dakika arobaini asubuhi, kwenye mteremko wa Kamatira kupita Kapenguria, Land Cruiser ya shirika la kuchimba visima ilipasuka tairi la mbele la kulia. Gari lilitoka barabarani na kubiringika. Abdikarim alikuwa peke yake. Saa kumi na moja jioni watu wa msikiti walikuwa wameshamzika, kama dini yao inavyotaka. Hakuna aliyefikiria kumpigia simu mwanamke anayeuza matairi, wala hakuna ambaye angelaumiwa kwa hilo. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, hakuwa wa dini yake. Nani angempelekea habari, na kwa jina gani?

Lakini Chesang hakuja kutoa rambirambi. Alikuwa na nakala ya risiti yenye muhuri wa duka: matairi manne mapya, tarehe 18 Novemba. Miezi mitatu haijatimia. Tairi la miezi mitatu halipasuki lenyewe kwenye lami nzuri, asubuhi, kabla jua halijachoma. Wamalwa, msimamizi wa magari wa lile shirika, alikuwa ameandikisha kwamba Gathoni aliwauzia matairi mabovu.

"Jumatatu saa tatu asubuhi ufike kituoni," Chesang alisema. "Kama una la kujitetea, uje nalo. Kama huna, nitakuandika mshukiwa."

Jela ilimtisha Gathoni, kama inavyomtisha mtu yeyote mwenye akili. Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa kingine. Matairi yale aliyachagua yeye.

Mwezi wa Novemba Abdikarim alikuwa amekuja akitaka yale ya matope, yenye meno makubwa kama ya trekta. Alisema anaenda Turkana mara moja kwa mwezi, kwenye mchanga, na kule gari likizama utalala na fisi. Gathoni alimkatiza. Alimuuliza siku nyingine ishirini na kitu za mwezi yuko wapi. Kwa lami, akajibu. Kitale, Bungoma, Lwakhakha, Kitale tena. Basi akamwambia asimlipishe mwajiri wake meno ya kuvuma barabarani kama nyuki na kuisha kabla ya mwaka. Meno makubwa kwenye lami yenye mvua hayashiki breki. Na mchanga hautaki meno, meno yanauchimba; mchanga unataka tumbo pana na upepo mdogo. Chukua haya ya kati, alimwambia, yanayoitwa A/T. Ubavu wake ni mgumu kwa mawe na miba. Ukifika mchangani shusha upepo mpaka ishirini, ukirudi lami jaza. Abdikarim alicheka, akasema mama huyu anazungumza kama mwalimu wa jeshi, akayachukua.

Sasa Abdikarim alikuwa chini ya udongo, na Gathoni alitaka kujua jambo moja: kama ni chaguo lake lililomuua.

"Gari liko wapi?" aliuliza.

Lilikuwa limevutwa mpaka uani mwa kituo cha polisi, Kitale. Walifika saa nane na nusu. Gathoni alikuwa na tochi, bisibisi na kitambaa. Alikuwa na diploma ya ufundi wa magari tangu mwaka ambao wasichana wawili tu walikuwa darasani, na hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili apige magoti. Tairi lililopasuka lilibaki matambara. Alihamia kwa yale matatu yaliyobaki mazima.

Kampuni ni ile ile. Muundo wa meno ni ule ule. Saizi ni ile ile. Lakini herufi nyeupe za jina la kampuni zilikuwa zimetazama nje.

Alipangusa ubavu na kusoma namba ndogo ndani ya kiduara. 0917.

"Hii ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi," alimwambia koplo. "Wiki ya tisa, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Tairi hili lina miaka minane."

"Kwa hivyo ulimuuzia mzee."

"Ya kwangu yalikuwa 2224. Wiki ya ishirini na mbili, mwaka jana."

"Umeandika hiyo namba kwa risiti?"

Hakuwa ameandika. Chesang aliinua mabega. Kila alichokigundua Gathoni kilikuwa kinamkaza kamba yeye mwenyewe. Hata hivyo aliendelea. Alipitisha kidole ndani ya mifereji ya meno, akahisi kuta zake zinapanda na kushuka. Kiwandani mfereji hunyooka. Huu ulichongwa kwa kisu cha moto na mkono wa mtu, ili tairi lililokwisha lionekane lina meno. Mpira uliobaki chini ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Ndani ya mfereji mmoja alichokoa utepe mkavu wa kahawia. Aliunusa, akautafuna kwenye ncha.

"Ganda la muwa," alisema.

Chesang aliliweka kwenye bahasha, bila kuonyesha kwamba amevutiwa.

Ndipo Gathoni akamweleza habari ya herufi. Kitale nzima kila mwenye gari hutaka herufi nyeupe zikae nje, watu waone amenunua kitu. Abdikarim pekee ndiye aliyeomba zigeuzwe ndani. Barabara ya kaskazini ina watu wanaovizia, na mvizia njia huona tairi jipya kabla hajaona uso wa dereva. Gari lake alitaka lionekane maskini. Kwa hivyo Gathoni aliyafunga yote manne herufi zikiwa ndani, kwa mkono wake.

"Shahidi?" Koplo aliuliza.

"Yeye."

"Basi huna shahidi, mama."

Jioni ile Gathoni alikula sahani zote mbili kwa sababu chakula hakitupwi. Binti yake Nyambu alikuwa Mombasa na watoto, na simu zao zilikuwa za Jumapili. Alitazama simu yake bila sababu, akaona alichokuwa amekipuuza: Jumanne, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Abdikarim alimpigia mara moja. Mikono yake ilikuwa na grisi. Alijiambia watazungumza Alhamisi.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa kwenye lango la shirika, na Chesang pembeni yake, kwa kuwa koplo naye hakupenda kufunga faili lenye ganda la muwa ndani yake. Wamalwa aliwapokea ofisini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliwapa viti, akampa Gathoni pole kana kwamba hakumshtaki yeye. Alisema analosema ni lile analolijua: matairi yalitoka kwake, mtu amekufa. Gathoni aliuliza gari lilikuwa wapi wiki hiyo. Wamalwa akasema Jumatatu lilienda Bungoma kwa fundi Zahid kubadilishwa oili, kama kawaida, na alilipeleka Kipkemei kwa kuwa Abdikarim alikuwa na siku ya mapumziko. Yeye mwenyewe hakuwepo kazini. Alikuwa nyumbani Kabuchai, miwa yake ilikuwa inakatwa. Waulize majirani wote.

Ukutani kulikuwa na ratiba ya safari. Abdikarim alikuwa amepangiwa Turkana tarehe 5 Machi. Gathoni aliuliza mbona alienda kabla ya tarehe hiyo. Wamalwa alisema Jumanne usiku pampu ya kisima ilikufa huko Lokitaung, watu na mifugo hawana maji, ikabidi aende alfajiri.

Kipkemei walimkuta anaosha lori. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, na uwanja mzima ulijua alivyozitaka zile safari za kaskazini. Mwezi uliopita yeye na marehemu walikuwa wamepigiana kelele mbele ya watu. Chesang alimtazama jinsi paka anavyotazama shimo.

"Uligombana naye," Chesang alisema.

"Kila mtu aligombana na Abdi kuhusu safari. Si kwa sababu hiyo ningemuua, bana."

"Jumatatu gari lilikuwa mikononi mwako."

"Lilikuwa mikononi mwa fundi. Boss aliniambia niliache saa nne nikale, nirudi saa tisa. Nikarudi saa tisa." Alizima maji. "Nilipolileta, herufi zilikuwa nje. Nilimuuliza Zahid, akasema amezungusha matairi ili yaliwe sawasawa. Mimi ni nani nibishane na fundi?"

Gathoni alimsogelea. Alimuuliza kabla ya hapo herufi zilikuwa wapi.

"Ndani kabisa. Tulikuwa tunamcheka, ati gari lake limevaa nguo ndani-nje." Kipkemei alifuta pua kwa mkono. "Jumanne jioni alipoliona alikasirika. Alisema Alhamisi atampelekea Mama Nyambu azirudishe ndani. Alijaribu hata kukupigia."

Chesang aliandika. Huyo sasa alikuwa shahidi.

Jumamosi saa tano asubuhi walifika Bungoma. Karakana ya Zahid ilikuwa nyuma ya soko, karibu na msikiti, na kwenye kigingi, mahali pa wazi kabisa, palining'inia kisu cha umeme cha kuchongea mpira. Zahid hakukikana. Alisema wenye magari ya miwa humletea matairi yaliyokwisha, anayachonga, yanatembea shambani mwendo wa ng'ombe, hakuna anayekufa. Kuhusu gari la shirika alisema alimwaga oili tu.

"Na matairi uliyazungusha," Gathoni alisema.

"Ndiyo. Niliyazungusha."

"Kuzungusha ni kuhamisha gurudumu, la mbele linaenda nyuma. Herufi hazigeuki mpaka utoe tairi kwenye rimu. Fundi, wewe uliyatoa."

Zahid alianza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Chesang alisema waziwazi kwamba ana mfereji uliochongwa na ana kisu, na kwamba kwa ushahidi huo peke yake Zahid ataonekana aliiba matairi mapya ya shirika na kumvisha marehemu takataka. Zahid alisema hajawahi kuiba hata nati. Chesang alianza kutoa pingu. Gathoni alimwomba angoje.

"Nikuulize kitu kidogo, fundi. Kipkemei angekuambia uvue matairi ya gari la ofisi, ungekubali?"

"Dereva? Hapana. Dereva hana ruhusa."

"Na mimi ningekuambia?"

"Wewe ni nani huko?"

"Basi mwenye ruhusa ni nani?"

Zahid alitazama msikiti, akatazama kisu. Baadaye, akiwa ameketi juu ya kreti, alisema polepole kwamba aliambiwa gari la ofisi litakimbia hapo mjini tu, wiki chache, kisha matairi yake yatarudishwa. Jina hakulitaja. Alisema angependa litajwe na mwenyewe.

Chesang alitaka waende Kabuchai wakati huo huo. Gathoni alikataa. Mwenye gari akisikia mapema angeyavua yale matairi na kuyatupa mtoni. Zahid akatakiwa akae kituoni Bungoma na simu yake ikae mezani.

Jumapili saa nane mchana walikuwa Kabuchai. Njia ilipita katikati ya mashamba yaliyokwisha kukatwa, majani makavu yametapakaa mpaka kwenye magurudumu. Nyumba ya Wamalwa ilikuwa ya matofali, na mbele yake ilisimama pickup nyeupe iliyooshwa kwa ajili ya kanisa. Herufi nyeupe za matairi zilimetameta kama meno ya mtu anayecheka.

Wamalwa alitoka na suti yake. Aliwakaribisha chai. Gathoni alisema asante, kwanza anataka kuona matairi. Wamalwa akasema aliyanunua Webuye, mapya kabisa, na tazama tu, yanajionyesha.

Ni kweli, yalijionyesha. Ubavu wa nje haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Gathoni alikunja gauni lake zuri, akalala chali kwenye vumbi na kuingia chini ya pickup na tochi. Ubavu wa ndani ulikuwa umechanika ngozi, una makovu meupe ya mawe kuzunguka kote.

"Koplo, njoo uone ajabu," alisema kutoka chini. "Tairi jipya lililokwaruzwa upande ambao haugusi kitu. Upande huu ulikuwa nje miezi mitatu. Ule mzuri ulikuwa ndani."

Wamalwa alisema njia za shambani ni mbaya.

"Ni mbaya," Gathoni alikubali. Aliingiza ncha ya bisibisi, akasukuma, akatoka na kitu kiganjani: mwiba mweupe, mrefu kama kidole, uliovunjikia kwenye mpira. "Huu ni wa mgunga wa Turkana. Hapa Kabuchai nionyeshe mti wake, nami nitaomba msamaha mbele ya kanisa lako." Akaweka tochi juu ya kile kiduara kidogo. "Namba isome mwenyewe."

Chesang aliinama, akasoma kwa sauti. "Mbili, mbili, mbili, nne."

Wamalwa aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake. Mke wake alitokea mlangoni, Wamalwa akamwashiria arudi ndani.

Alieleza bila kusukumwa, kama mtu aliyekuwa akilibeba gunia na kutafuta pa kulitua. Mwezi wa Januari pickup yake ilizama matopeni siku ya kuleta mahari ya binti wa kaka yake. Wakwe wote walisimama kutazama trekta ikimvuta, na mzee mmoja akasema, huyu ndiye mkubwa wa magari huko Kitale? Kesho yake alifika kazini akaona Land Cruiser ya Abdikarim, matairi yale, na uso mzuri umefichwa ndani. Dereva amevaa viatu ambavyo msimamizi hana, tena hata hataki vionekane. Ratiba ilionyesha gari halitaenda kaskazini mpaka Machi. Angeyatumia msimu wa miwa, kisha ayarudishe. Aliamuru kila kitu kwa simu, pickup ikaletwa kwa Zahid saa tano, na matairi yake yaliyochongwa yakaenda kwa gari la ofisi.

"Na herufi?" Chesang aliuliza.

"Zahid aliniuliza nazitaka wapi," Wamalwa alisema. "Nikasema nje. Nani hununua tairi kama hilo alifiche?"

"Hukununua," Gathoni alisema.

Wamalwa alikubali kwa kichwa. Jumanne usiku pampu ilikufa. Angesema, wangemfukuza kazi. Alijiambia Abdikarim ni dereva mzuri, atafika, atarudi, yatabadilishwa kimya kimya.

Gathoni alikuwa na swali moja, na aliliuliza akiwa amesimama, vumbi limemjaa mgongoni.

"Jumatano alfajiri ulimwona?"

"Mimi ndiye niliyemfungulia geti."

"Alisema kitu?"

Wamalwa alijifunika macho. "Alisema, 'Boss, haya matairi leo siyaelewi. Nipitie Matisi kwanza?' Nikamwambia amechelewa. Nikamwambia, nenda."

Kisha Chesang akatoa pingu, na safari hii Gathoni hakumzuia.

Jumatatu saa tatu kamili asubuhi alifika kituoni kama alivyoamriwa, ingawa hakuwa tena mshukiwa. Chesang alimwambia mashtaka ni ya watu wawili, Wamalwa na Zahid, kila mmoja kwa uzito wake. Alimwambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba amemuuliza mkaguzi wa magari, naye akasema kwa kazi ile, mchanga kidogo na lami nyingi, hata yeye angechagua tairi lile lile. Gathoni alishukuru. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo siku nne, na ilipokuja hakuwa na mtu wa kumwambia.

Alipewa karatasi ya maelezo ajaze. Jina. Umri. Kazi. Mstari wa nne uliuliza uhusiano wake na marehemu.

Kalamu ilisimama hapo. Chesang, aliyekuwa akipiga mihuri, aliona, akamwambia kwa upole kwamba wengi huandika tu mteja, inatosha, mahakama haijali.

Gathoni alifikiria miaka mitatu ya Alhamisi. Hakuwahi kuingia nyumbani kwake. Hakujua kaburi lake liko safu gani. Hakujua kama alikuwa na dada, au anapenda chai yenye tangawizi au isiyo nayo, maana kwake alikunywa alichopewa. Alijua uzito wa gari lake, njia zake zote, na upepo aliojaza asubuhi.

Akaandika: Nilimchagulia matairi. Akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza, na Chesang akagonga muhuri.